Kamati Haikamati Hitilafu

Leo nina ugomvi, ndugu msomaji, na ugomvi wenyewe ni na kamati. Si kamati ya harusi wala ya mazishi. Hizo zina kazi yake na huwa zinaifanya. Nasema ile kamati ya kuidhinisha mabadiliko, inayokaa mara moja kwa wiki katika benki, kampuni za bima, kampuni za simu na kila shirika lenye ghorofa zaidi ya tano, ikingoja sisi waandika programu tuiletee fomu ili ituruhusu kugusa programu tuliyoiandika kwa mikono yetu.

Nimefanya kazi ndani ya mashirika ya namna hiyo kwa miaka. Fomu zake nimezijaza hadi nikazikariri. Na ninalosema leo ni hili: kamati hizi hazizuii hitilafu. Zinazikusanya pamoja, zinazifunga kwenye furushi moja, kisha zinamtwisha mteja furushi lote usiku mmoja.

Wewe ambaye kazi yako si hii, ngoja nikueleze mambo yanavyokwenda. Tuseme mteja anaitwa Ng'ang'a. Anataka kufungua akaunti kwenye tovuti ya benki, lakini fomu inakataa jina lake kwa sababu ya ile ritifaa. (Usicheke. Akina Ng'ang'a, Ng'eno na Nyong'o wanaijua shida hii vizuri.) Kurekebisha kosa hilo ni kazi ya saa moja, majaribio yakiwemo. Sasa hesabu nami. Kwanza kuna fomu ya ombi. Halafu sahihi ya meneja wangu. Halafu sahihi ya meneja wa wakaguzi wa programu, ambaye yuko likizo. Halafu watu wa usalama. Halafu kamati, Jumatano. Kamati ikikubali, badiliko langu linawekwa kwenye foleni pamoja na mabadiliko mengine arobaini, yakingoja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa sita za usiku, ndipo yote yapandishwe kwenye seva kwa mpigo.

Wiki tano kwa kosa la saa moja! Na katika wiki hizo tano Ng'ang'a ameambiwa na watu wa huduma kwa wateja aandike jina lake bila ritifaa. Sasa jina la akaunti halilingani na kitambulisho chake, na siku atakapoomba mkopo atarudishwa nyumbani. Hakuna kamati itakayokaa kuzungumzia hilo.

Wenye kamati watanijibu: bora kuchelewa kuliko kuharibu. Mwenda pole hajikwai. Haya, tupime dai hilo.

Ukipandisha badiliko moja na mambo yakaharibika dakika tano baadaye, unajua tatizo liko wapi. Unaliondoa, seva zinarudi kama zilivyokuwa, unakaa chini kutafuta sababu. Ukipandisha mabadiliko arobaini kwa pamoja na mambo yakaharibika, una washukiwa arobaini. Na si arobaini tu, maana huenda badiliko la tatu halina shida peke yake, na la thelathini halina shida peke yake, lakini yakikutana yanagombana. Huwezi kuondoa moja kwa sababu mengine yameegemea juu yake. Ni saa tisa za usiku. Aliyeandika lile la tatu amelala, simu imezimwa, na anayehangaika kwenye seva hajawahi kuona msimbo huo maishani mwake. Huko si kwenda pole. Huko ni kutembea polepole mwezi mzima halafu kuruka korongo ukiwa umefumba macho.

Kama unadhani natia chumvi, chukua benki ya TSB ya Uingereza. Aprili 2018, TSB, wakati huo ikimilikiwa na Sabadell ya Uhispania, iliamua kuwahamisha wateja wake zaidi ya milioni 5 kutoka mfumo wa zamani wa benki ya Lloyds hadi mfumo mpya. Wikendi moja. Karibu kila kitu kwa mpigo mmoja. Jumapili jioni milango ilipofunguliwa, wateja hadi milioni 1.9 walijikuta hawawezi kuingia kwenye akaunti zao. Wengine waliona akaunti za watu wengine. Mambo hayakutulia kabisa hadi Desemba mwaka huo. Mkurugenzi mkuu alijiuzulu Septemba 2018, hasara ilikaribia pauni milioni 330, na Desemba 2022 wasimamizi wa mabenki wa Uingereza waliitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65.

Je, TSB ilikosa kamati? Hata kidogo! Bodi ilikuwepo, kamati zilikuwepo, washauri walikuwepo, ripoti zilisainiwa. Lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kati ya vituo viwili vya seva vilivyopaswa kufanya kazi pamoja, majaribio muhimu yalifanyika katika kimoja tu. Nani kwenye meza ile alikuwa na uwezo wa kuliona hilo? Sahihi haifungui seva ikachungulia ndani.

Basi labda hiyo ni benki moja iliyokuwa na bahati mbaya. Sawa. Mwaka 2018 huo huo, Nicole Forsgren, Jez Humble na Gene Kim walichapisha kitabu chao Accelerate, kilichotokana na utafiti wa miaka minne na majibu zaidi ya 23,000 kutoka kwa watu wa kazi hii duniani. Waliuliza pia kuhusu kamati na mameneja wa nje ya timu wanaoidhinisha mabadiliko. Waligundua kwamba uidhinishaji wa namna hiyo uliambatana na kasi ndogo ya kazi, mabadiliko machache, na muda mrefu zaidi wa kurudisha huduma ikikatika. Na je, mabadiliko yanayoharibika yalipungua? Hapana. Hawakuona uhusiano wowote. Yaani unalipa bei yote na bidhaa huipati.

Nawasikia wengine wakiniambia: "Ndugu, umesahau Knight Capital?" Sijaisahau. Ndiyo hadithi wanayopenda kutuogofya nayo, basi tuisome vizuri. Knight ilikuwa kampuni ya kununua na kuuza hisa, Marekani. Tarehe 1 Agosti 2012 ilianza kutumia programu mpya kwenye seva zake 8. Fundi aliyepandisha msimbo aliiruka seva moja. Ndani ya seva hiyo mlikuwa na msimbo wa zamani ambao kampuni ilikuwa imeacha kuutumia tangu 2003 lakini hakuna aliyeufuta, na swichi iliyokuwa ikiuamsha zamani ndiyo hiyo hiyo iliyopewa kazi mpya. Soko lilipofunguliwa, msimbo mfu ukafufuka ukaanza kununua na kuuza kama mwendawazimu. Dakika 45. Hasara ya zaidi ya dola milioni 460.

Sasa niambie, kamati ya Jumatano ingezuiaje jambo hili? Mamlaka ya soko la hisa la Marekani ilitoa uamuzi wake Oktoba 2013 na kuitoza Knight dola milioni 12. Soma inalolalamikia. Hapakuwa na fundi wa pili wa kutazama kazi ya yule wa kwanza, wala utaratibu ulioandikwa wa kudai hivyo. Msimbo usiotumika uliachwa ukilala humo kwa miaka. Na kabla ya soko kufunguliwa asubuhi ile, mfumo ulikuwa umetuma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja hitilafu, na hakuna aliyezishughulikia. Halafu katika jitihada za kuokoa, waliondoa msimbo mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa sawa, na moto ukazidi. Kilichokosekana ni jicho la pili la mtu anayeielewa kazi, mashine ya kupandisha msimbo seva zote bila kuruka hata moja, na kengele ambayo mtu anaisikia. Mihuri kumi na miwili isingeleta hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Lakini kamati ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe ni ukuta.

Katika kampuni kubwa nyingi waandika programu wako ghorofa ya nne na wanaoendesha seva wako jengo lingine. Sisi tunapimwa kwa vitu vipya tulivyotoa. Wao wanapimwa kwa utulivu wa seva. Yaani kazi yangu ikifanikiwa, yake iko hatarini, na bosi aliyetupangia hivyo anashangaa kwa nini hatusalimiani. Mimi narusha msimbo juu ya ukuta naenda nyumbani. Saa tisa za usiku simu inayolia si yangu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna mahali msemo huo umetimia kama kwenye chumba cha seva.

Mwaka 2009 John Allspaw na Paul Hammond, wakiwa Flickr, ile tovuti ya picha, walisimama mbele ya mafundi wenzao wakaeleza jinsi walivyokuwa wakipandisha mabadiliko zaidi ya mara 10 kwa siku. Kwa siku! Siri yao haikuwa ujasiri. Allspaw aliongoza wanaoendesha seva, Hammond aliongoza wanaoandika programu, na walikuwa wamekubaliana kwamba kazi ni moja. Mabadiliko madogo, swichi za kuzima kitu kipya kikileta shida, vipimo ambavyo pande zote mbili zinavitazama, na heshima.

Heshima. Hapo ndipo penye kidonda katika kampuni zetu.

Kitu kikiharibika, swali la kwanza kwenye mkutano wa Jumatatu huwa ni moja: nani? Halafu inatoka barua ya kujieleza. Katika shirika moja nililofanyia kazi, ambalo silitaji, kijana mmoja hodari sana alipewa barua hiyo kwa sababu amri aliyoiandika ilisimamisha malipo kwa muda wa saa nzima. Amri hiyo ilikuwa kwenye mwongozo rasmi wa kampuni. Ilikuwa na kosa la herufi moja. Aliufuata mwongozo kama alivyofundishwa! Barua ikaingia kwenye faili lake, na miezi michache baadaye akaondoka. Mwongozo ukabaki na kosa lake. Na sisi tuliobaki tulijifunza somo, ila si lile mabosi walilotaka. Tulijifunza kunyamaza. Tangu siku hiyo hitilafu ndogo zikawa zinarekebishwa kimyakimya, bila kuandikwa popote, na takwimu za wakubwa zikapendeza.

Takwimu hizo ni za uongo, na si hapa kwetu tu. Miaka ya 1990 Amy Edmondson alichunguza makosa ya kutoa dawa katika timu za wauguzi hospitalini huko Marekani, na utafiti ukachapishwa 1996. Alitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache. Alikuta timu nzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Si kwamba zilikosea zaidi, zilikuwa hazifichi. Kwenye timu mbaya watu walifunga midomo, na makosa yakaendelea kumfikia mgonjwa. Mficha uchi hazai, na kampuni inayoficha hitilafu zake haitibu hata moja.

Linganisha na GitLab. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wao mmoja, amechoka, usiku, alifuta hifadhidata ya seva isiyo sahihi. Kati ya gigabaiti karibu 300 zilibaki 4.5. Wakakimbilia nakala za akiba, wakakuta njia zote tano walizozitegemea ama hazifanyi kazi au hazikuwahi kuwekwa sawasawa. Hata barua pepe za kutoa tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ya saa 6 kabla, ambayo mtu aliichukua kwa mkono kwa sababu zake nyingine. Wakafanya nini? Walifungua kumbukumbu za kazi ya uokoaji kila mtu azisome, wakaionyesha moja kwa moja kwenye YouTube, kisha wakaandika ripoti ndefu wakieleza kila kilichoshindwa. Fundi hawakumtaja kwa jina. Kwa nini? Kwa sababu walielewa kwamba kidole kilichobonyeza ni kimoja, lakini akiba tano zilizooza zilikuwa kazi ya kampuni nzima. Ukimfukuza fundi, akiba zinabaki zimeoza.

Na kampuni zetu zikimaliza kuadhibu, hufanya nini? Huongeza watu. Mradi umechelewa, leteni washauri ishirini! Fred Brooks, aliyesimamia programu za tarakilishi za IBM System/360, alishalieleza hili katika kitabu chake cha 1975, The Mythical Man-Month: ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Hesabu yake ni nyepesi. Watu 5 wana njia 10 za kuzungumza wawili wawili. Watu 10 wana 45. Watu 50 wana 1,225. Ndiyo maana siku nzima inaisha kwenye mikutano, na ndiyo maana ikabidi iundwe kamati nyingine ya kuratibu mikutano. Wapishi wengi huharibu mchuzi, hasa wakipika kwenye sufuria moja iliyo jengo lingine.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Watu wa benki husema: "Sisi tunasimamiwa. Wakaguzi wa hesabu wanataka ushahidi kwamba mtu mmoja hawezi kuandika msimbo na kuupandisha peke yake bila kuonekana." Wako sahihi. Fedha za watu si mchezo. Lakini angalia ushahidi mnaowapa: karatasi yenye sahihi za watu ambao hawakusoma msimbo. Sasa fikiria ushahidi huu mwingine. Kila badiliko limehifadhiwa kwenye Git, kifaa alichokitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005 na ambacho huenda tayari mnacho. Limeandikwa nani alilifanya, nani wa pili alilisoma na kulikubali, majaribio yapi yalipita, dakika gani lilipanda. Mtu hawezi kulipandisha bila mwenzake kulikubali kwa sababu mashine yenyewe inakataa. Mkaguzi mwenye akili timamu atachagua upi?

Basi, wakurugenzi, nisije nikaambiwa napiga kelele bila dawa, dawa hii hapa. Chagueni huduma moja tu, isiyo kubwa sana, na mwipe miezi mitatu.

Undeni timu ya watu saba au wanane wa huduma hiyo: wanaoandika, wanaopima, wanaoendesha seva, na mtu mmoja wa upande wa biashara anayemjua mteja kwa sura. Wakae pamoja. Wakiandika, waendeshe wenyewe. Simu ya saa tisa za usiku iwe yao, kwa zamu, na mwalipe kwa zamu hiyo. Msiite uzalendo kile ambacho ni saa za ziada. Mtaona jinsi mtu anavyoandika msimbo kwa uangalifu akijua ataamshwa yeye.

Kila badiliko liwe dogo, lisomwe na mwenzake, lipite majaribio yanayojiendesha yenyewe, lipande mchana watu wakiwa macho. Liwafikie wateja wachache kwanza, mmoja katika kila mia, kabla ya kuwafikia wote. Na pawe na njia ya kulirudisha nyuma kwa dakika chache, njia iliyojaribiwa kabla ya siku ya shida.

Kitu kikiharibika, iandikwe ripoti isiyo na jina la mtu, isomwe na kampuni nzima, na itaje kitakachobadilishwa na lini. Wizi na uharibifu wa makusudi vina sheria zake, sizungumzii hivyo.

Na kamati? Siivunji. Ipewe kazi inayoiweza. Isome ripoti hizo kila wiki na iulize kwa nini jambo moja limetokea mara tatu. Itoe fedha za kufuta msimbo mfu. Ikutane juu ya maamuzi makubwa kweli, kama kuhamisha kituo cha seva. Ritifaa ya Ng'ang'a iachieni timu.

Haya si mambo ya kujifurahisha sisi mafundi. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, nchi hii imehamishia maisha yake ndani ya programu: nauli, karo, dawa, deni la dukani. Mfumo wa kampuni yoyote kubwa ukilala saa tatu, kuna mama muuza mboga ambaye hajalipwa na kesho asubuhi hana cha kwenda nacho sokoni. Yeye hana barua ya kujieleza ya kumwandikia mtu.

Kwa hiyo Jumatano ijayo, wewe uliye ndani ya kamati hiyo, uliza maswali mawili kabla ya kusaini. La kwanza: ni nani humu ndani amesoma msimbo huu? La pili: ukiharibika saa nane mchana, tutaurudisha nyuma kwa dakika ngapi? Chumba kikinyamaza, umeshajua sahihi yako ina thamani gani. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, namsubiri.